Jackson, Cyril

Cyril Jackson (1903–1988) alikuwa mwanafalaki wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Ossett, Yorkshire, Uingereza, anayehesabiwa kuwa mgunduzi wa asteroidi 72 na nyotamkia 3. Alihamia Afrika Kusini utotoni, mwaka 1911, na kuanzia 1928 hadi 1947 alifanya kazi Union Observatory, kituo cha kuangalia nyota mjini Johannesburg. Ni rahisi kumtaja kwa hesabu hiyo na kuishia hapo. Lakini hesabu yenyewe inaficha kazi yake, kwani sifa kubwa ya Jackson haikuwa kuona vitu vipya, bali kuvifuatilia mpaka njia zake zikajulikana kwa hakika.

Asteroidi mbili zenye majina ya miji yetu ya pwani zatosha kuwa ushahidi. Tanga ilipatikana Juni 1930, ugunduzi ambao Jackson anauchangia na mkuu wake wa kazi, Harry Edwin Wood. Mombasa, jiwe linalokadiriwa kuwa na kipenyo cha zaidi ya kilomita 50, ilipatikana Julai 1937. Hata hivyo Mombasa ina namba 1428 na Tanga ina namba 1595. Iliyotangulia kuonekana ikachelewa kuandikishwa, kwa sababu asteroidi haipewi namba ya kudumu siku inapoonekana. Hupewa pale vipimo vya misimu kadhaa vinapokuwa vimetosha kukokotoa njia yake kuzunguka Jua na kutabiri itakuwa wapi miaka ijayo. Kabla ya hapo inaweza kupotea kabisa, na nyingi zilipotea. Kazi ilianza na bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha, lililoachwa likusanye mwanga huku darubini ikifuata mwendo wa anga. Nyota zilitoka kama nukta, ilhali asteroidi, kwa kuwa inasogea, iliacha kistari chembamba. Kisha ikaja sehemu isiyo na shangwe: kupima umbali wa kistari hicho kutoka kwenye nyota zinazojulikana, kupiga hesabu, na kurudia yote hayo usiku mwingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba Jackson alibahatika tu kuwa mahali pazuri. Vituo vilivyowinda asteroidi zama zile, kama Heidelberg, Simeis na Uccle, vilikuwa kaskazini, na majira ya baridi ya Johannesburg ni makavu yenye usiku usio na mawingu. Hilo ni kweli, na si bure kwamba Tanga ni ya Juni na Mombasa ya Julai. Lakini upweke huohuo ulikuwa mzigo. Kitu kilichokaa chini sana kusini hakikuweza kufuatiliwa vizuri kutoka Ulaya, hivyo aliyekiona ndiye aliyelazimika kukitunza. Kwamba alikitunza vyema kunaonekana katika kisa cha mwaka 1948. Joseph Ashbrook, akiwa Lowell Observatory huko Arizona, alikuwa akiangalia asteroidi 1327 Namaqua alipokutana na nyotamkia mpya. Jackson naye aliipata kivyake, ndiyo maana inaitwa Ashbrook–Jackson. Namaqua yenyewe aliigundua Jackson mwaka 1934, na baada ya miaka 14 mtu wa bara jingine aliweza kuitafuta na kuikuta pale hesabu zilipoielekeza.

Wapo watakaosema kwamba leo mitambo hufanya kwa usiku mmoja kazi ya maisha yake yote. Kwa wingi, sawa. Ila thamani ya njia iliyopimwa haipungui kwa kupimwa nyingine. Griqua, asteroidi aliyoigundua mwaka 1935, huzunguka Jua takriban mara mbili kila Mshtarii inapozunguka mara moja, na kundi zima la asteroidi zenye mwendo huo limepewa jina lake.

Pingamizi zito zaidi ni la majina ya asteroidi zake. Kenya, Uganda, Pemba, Ruvuma, Tana, Nyanza: Afrika iliandikwa angani na mzaliwa wa Uingereza, enzi za ukoloni, bila Waafrika kuulizwa. Rhodesia na Botha zimo pia, na haifai kuzipamba. Lakini zimo vilevile Chaka, Khama na Magoeba, huyu wa mwisho akiwa mtemi aliyepigana na Makaburu huko Transvaal. Orodha hii haifuati mapenzi ya dola moja tu, na ni haki kuisoma yote kwa pamoja badala ya kuchagua upande.

Mwaka 1947 Jackson alihamia kituo cha kusini cha vyuo vikuu vya Yale na Columbia, na kazi hiyo ikamfikisha baadaye Mount Stromlo, Australia, na El Leoncito, Argentina. Asteroidi 2193 Jackson, iliyopatikana Johannesburg na Wood mwaka 1926, imeitwa kwa jina lake.