Jeki na Gari la Chini: Tani Siyo Tatizo Tena

Ukiingia dukani kutafuta jeki, namba utakayoiona kwanza, imeandikwa kubwa kuliko zote, ni ya tani: tani 2, tani 3. Muuzaji naye ataanzia hapohapo. Lakini kama una gari la michezo, lile ambalo bampa lake linakaribia kulamba lami, namba hiyo itakusaidia kidogo sana. Magari mengi ya aina hiyo hayafiki tani 2, na jeki huinua sehemu tu ya uzito huo kwa wakati mmoja. Maswali yako ni mengine: itaingia chini? Na ikishainua, itashikilia?

Kuona kwa nini maswali haya mawili ni magumu kuliko la tani, tufuatilie jeki ilikotoka.

Nguvu ilipatikana mapema

Blaise Pascal, Mfaransa, alieleza kanuni yenyewe katika andiko lililochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawasawa kila upande. Aliandika kwamba mtu mmoja kwenye pistoni ndogo anaweza kulingana na watu 100 kwenye pistoni yenye eneo mara 100 zaidi.

Tuchukue mfano mdogo. Pistoni moja ina kipenyo cha sentimeta 1, nyingine sentimeta 4, na katikati kuna oili. Eneo la kubwa ni mara 16 ya ndogo, kwa hiyo msukumo wa kilo 50 upande mmoja unabeba kilo 800 upande wa pili. Ila hakuna cha bure: ili kubwa ipande sentimeta 1, ndogo lazima isukumwe jumla ya sentimeta 16. Ndo maana unapampu weee, na gari linapanda kidogokidogo.

Kazi ilikuwa kuzuia kuvuja

Kutoka andiko la Pascal hadi mashine ya kuaminika ilipita zaidi ya miaka 130. Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa makufuli jijini London, alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Nguvu ilikuwepo, lakini maji yalipenya pembeni mwa pistoni. Ukiibana pistoni sana ili yasipenye, haisogei. Ukiilegeza, inavuja.

Anayetajwa na wengi kuwa ndiye aliyetegua kitendawili hicho ni Henry Maudslay, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya Bramah. Dawa yake ilikuwa kola ya ngozi iliyokunjwa kama kikombe. Maji yakiingia ndani ya mkunjo yanaitanua, nayo inabana ukuta. Presha ikizidi, kola inabana zaidi. Presha ikipungua, inalegea na pistoni inarudi. Sili ya jeki yako leo ni ya mpira au plastiki, lakini inatumia akili ileile.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya haidroliki inayobebeka. Miaka michache baadaye, kando ya mto Thames, meli kubwa ya chuma iitwayo Great Eastern iligoma kuteleza kuingia majini. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 10,000. Walianza kuisukuma Novemba 1857, baadhi ya mashine zikapasuka kwa presha, na hatimaye ikaelea Januari 31, 1858. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na jeki za ndugu wa familia ya Tangye kutoka Birmingham. Kwa hiyo kabla gari la kwanza la petroli halijatengenezwa, haidroliki ilikuwa imeshasukuma meli. Gari la tani moja na nusu siyo mchezo mgumu kwake.

Kisha magari yakashuka

Kilicholeta shida mpya ni umbo. Gari la chini hukata hewa kwa eneo dogo, na uzito wake ukikaa karibu na ardhi haliyumbi sana kwenye kona. Wahandisi wa mbio wakashindana kushuka. Ford GT40, iliyoshinda Le Mans mfululizo kuanzia 1966 hadi 1969, ilipata hiyo 40 kwenye jina lake kutokana na kimo chake cha takriban inchi 40, yaani kama sentimeta 102. Simama pembeni yake, paa litakufika kiunoni.

Jeki ya chupa, ile iliyosimama wima, hapo haina pa kuingia. Jeki ya magurudumu hulaza silinda, kisha mkono wa chuma hugeuza msukumo huo kuwa wa kwenda juu. Nyingi za kawaida huanzia kimo cha kama sentimeta 13. Zile za magari ya chini huanzia kama sentimeta 8 au 9.

Unapochagua, angalia urefu pia. Sehemu ya kuinulia inaweza kuwa ndani sana nyuma ya bampa. Jeki fupi ikifika pale, mpini utagonga bampa kabla hujapampu. Pima nafasi ukiwa umefikiria pancha, maana tairi likiisha upepo gari hushuka zaidi. Soma kitabu cha gari ujue sehemu halisi za kuinulia: baadhi ya Corvette, kwa mfano, zina matundu ya kupachika vipande maalumu vya kupokea jeki. Kama jeki bado haiingii, panda kwanza juu ya mbao pana na imara.

Sakafu nayo ina neno. Mkono wa jeki hupanda kwa kuchora upinde, kwa hiyo jeki inahitaji kubingirika kidogo gari linapopanda. Kwenye saruji inabingirika. Kwenye kokoto au mchanga magurudumu yanazama, na jeki inaanza kuvuta gari au kuinama.

Tukirudi kwa Maudslay: gari lako lote linaning'inia juu ya kipande kidogo cha mpira. Sili ikizeeka, au vali ikiingiwa na uchafu, jeki hushuka, wakati mwingine polepole, wakati mwingine ghafla. Gari la chini halikuachii hata upenyo wa kujiokoa. Kwa hiyo weka pembeni hela ya stendi za chuma zinazojifunga kwa meno au pini, hata kama itabidi ununue jeki ya bei nafuu zaidi. Inua, weka stendi, shusha gari likalie, litikise kidogo uone limetulia. Hapo ndo unaingia chini.