Chungu, Chupa, Kegi

Busaa haikubali kutumwa. Ukiwa Kakuma na rafiki yako yuko Lodwar, kilomita kama 120 hivi, utampelekea samli, mbuzi, hata pesa kwa simu, lakini busaa lazima aje ainywe kwako. Sababu iko kwenye upishi. Unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, unakaangwa juu ya bati moto mpaka ugeuke kahawia, halafu unachanganywa na maji na kimea cha wimbi au mtama. Ikishachujwa bado iko hai, bado inatoa gesi. Mfuniko wa dumu la lita 20 lazima ulegezwe kidogo, la sivyo dumu linavimba kama puto. Baada ya siku mbili tatu imekuwa chungu mno, na kwa jua la Turkana hata hizo mbili ni za kubahatisha.

Kwa hivyo aliyepika hana namna ya kuficha akiba. Lazima aite watu. Mimi nashuku kwamba ukarimu mwingi tunaowasifia wazee wetu ulianzia kwenye chachu kabla haujafika moyoni.

Na watu wakishafika, nani atahesabu? Wateso huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mihuri ya kale ya Mesopotamia, yenye zaidi ya miaka 4,000, inaonyesha watu wakinywa vivyo hivyo. Kwetu mara nyingi ni kikopo kinachozunguka. Si rahisi kujua mwenzako amekunywa kiasi gani, na huo ndio uzuri wake: asiye na kitu mfukoni ananyamaza tu na kikopo kinamfikia.

Chupa ilikuja na hesabu yake. Kenya Breweries ilianza 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa na sheria kununua bia hiyo ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hivyo iliporuhusiwa, haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa cheti. Mzee aliyeweka Tusker mezani alikuwa anasema jambo kuhusu nafsi yake, na simlaumu.

Turkana ilikuwa mbali hata na hayo. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa, pa kutupia watu isiowataka: Kenyatta alitolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959 akawekwa Lodwar hadi 1961. Bia ya chupa ilisafiri kwa lori kutoka Kitale, karibu kilomita 300, na chupa tupu zikarudishwa njia hiyo hiyo kwa sababu zilikuwa na dipoziti. Bei ilipanda kwa kila shimo la barabara.

Kwenye meza ya chupa kila mtu anajua yake ni ipi. Hapo ndipo raundi ilipozaliwa, na raundi, tuseme ukweli, ni deni lenye tabasamu. Lakini chupa ina jambo moja ambalo chungu hakina. Unaweza kuiweka chini ya kitanda ukamngojea rafiki aliyesafiri. Inakubali kutumwa.

Serikali nayo iliipenda chupa. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na sheria mpya ya 2010 ilipoirudisha, iliirudisha kwa masharti, mojawapo likiwa ijazwe kwenye chupa za kioo. Mama anayepika nyuma ya nyumba atoe wapi kiwanda cha kujaza chupa?

Kegi ilikuwa jibu la wafanyabiashara. Senator Keg ilitoka 2004, ikapunguziwa ushuru ili iwavute wanywaji wa chang'aa, na punde watu wakaibatiza Obama. Mwaka 2013 ushuru uliporudishwa, mauzo yaliporomoka, hadi nafuu iliporejeshwa 2015. Ukiitazama kwa mbali, kegi ni chungu: pipa moja, watu wengi, lazima liishe haraka likishafunguliwa. Huwezi kumbebea rafiki nyumbani, lazima aje. Tofauti iko kwenye bomba. Kila kikombe kinatoka na bei yake, na asiye na kitu anakaa pale akitazama povu la wenzake.

Najua pombe imevunja nyumba nyingi, Lodwar na Kakuma zote mbili, na sipigii chungu debe. Wanawake wa kambi ya Kakuma, tangu ilipofunguliwa 1992, wamepika busaa kwa mtama wa mgao kwa sababu mgao haununui sabuni wala daftari. Polisi wakija, wanamwaga. Mgao wenyewe umekatwa tena na tena miaka hii ya karibuni, na sasa kila kilo ya nafaka ni swali: ipikwe uji leo, au iingie kwenye dumu ilete shilingi kesho kutwa?

Kuna kitu wanaopiga hesabu ya kegi dhidi ya busaa hukisahau. Busaa ikichujwa hubaki machicha. Kuku wanayala, mbuzi wanayala, na nyumba ambayo haikupika siku hiyo watoto nao wanayala. Pipa la kegi likiisha linapakiwa kwenye lori na kurudi lilikotoka, tupu.