Mahakama ya kwenye televisheni na mahakama ya koridoni

Mwaka 2006 nilimsindikiza mahakamani, hapa Marekani, kijana wetu mmoja wa Mombasa. Mkalimani wa Kiswahili hakupatikana, ikabidi nishike kazi hiyo mimi. Alikuwa amekamatwa ndani ya gari la rafiki yake, chini ya kiti ikakutwa bangi kidogo. Tulikaa koridoni saa mbili nzima. Wakili aliyepewa na mahakama akaja na mafaili tele kwapani, akaongea nasi kama dakika tano hivi: kiri kosa, lipa faini, jioni uko kwako. Kijana akanigeukia, akauliza, "Sasa mjomba, mimi nitajieleza saa ngapi?"

Swali lile halikutoka hewani. Sisi tuliokulia Kenya, mahakama tuliijulia kwenye Vioja Mahakamani. Makokha na Ondiek Nyuka Kwota wakipanda kizimbani walibishana na mwendesha mashtaka, wakamchosha hakimu, lakini walisema mpaka wakamaliza. Mchezo wa kuchekesha tu, sawa, ila ulituachia imani kwamba mshtakiwa ana mdomo, na kwamba kesi ni maneno.

Wamarekani wenyewe walilishwa imani hiyo hiyo kwa sura ya utu uzima. Perry Mason alionyeshwa na CBS kuanzia 1957 hadi 1966, vipindi 271, na takriban kila wiki muuaji halisi aliropoka ukweli mbele ya watu wote. Kesi nyingi katika mchezo ule hata hazikufika kwenye juri, ziliishia kwenye usikilizaji wa awali! Na aliyemtunga Mason, Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili na alijua vizuri kwamba mambo hayaendi hivyo. Mwaka 1948 yeye na wenzake walianzisha, kupitia jarida la Argosy, kazi ya kufufua kesi za watu waliofungwa bila ya hatia, watu ambao kwao hakuna muuaji aliyeropoka. Mimi huwa najiuliza, mbona Gardner yule wa Argosy hakupewa kipindi cha miaka 9?

Upande wa polisi, chanzo ni Dragnet ya Jack Webb, iliyoanza redioni 1949 na kuingia kwenye televisheni 1951. Webb alipata visa kutoka katika mafaili ya polisi wa Los Angeles, na kabla ya kurekodi aliwapelekea maandishi wayapitishe. Basi unategemea nini? Askari wa Dragnet ni mpole, mkweli, hakosei. Agosti 1965 mtaa wa Watts, katika jiji lile lile, uliwaka moto baada ya polisi kumsimamisha dereva mweusi. Mwaka 1967 Dragnet ikarudi hewani, na askari ni yule yule asiyekosea.

Halafu ikaja CSI mwaka 2000, na unywele mmoja ukawa shahidi kuliko mtu. Mwaka 2015 FBI ikakiri kwamba katika kesi 268 ilizozipitia, ambamo wataalamu wake walitoa ushahidi wa nywele dhidi ya mshtakiwa, zaidi ya asilimia 95 zilikuwa na maelezo yenye kasoro. Ya maabara tuyaache, maana kijana wetu hakuletewa unywele wala shahidi.

Kumbe koridoni ndiko mahakama yenyewe iliko. Mapatano ya kukiri kosa yalianza kushika mizizi tangu karne ya 19, na mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brady, iliyakubali waziwazi. Mwaka 2012 Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika zile za majimbo, hutokana na mshtakiwa kukiri. Televisheni miaka yote imetuonyesha zile chache zilizobaki. Naelewa, dakika tano za koridoni hazijazi saa nzima ya kipindi.

Kwa mzalia wa Marekani, kukiri ni faini na doa kwenye jina. Kwetu sisi wenye makaratasi ya ukaazi ni jambo jingine kabisa. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliishi Marekani zaidi ya miaka 40 na aliitumikia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na lori lenye bangi, wakili wake akamwambia asihofu habari za uhamiaji, akakiri. Kumbe kukiri kule kulimfungulia mlango wa kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili analazimika kumtahadharisha mteja kuhusu hatari hiyo. Ila mwaka 2013, katika kesi ya Chaidez, ikaongeza kwamba uamuzi huo hauwafikii wale ambao hukumu zao zilikuwa zimeshakamilika kabla yake.

Kijana wetu alitia sahihi. Jaji alimuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, nikayafasiri yote, na jioni kweli alikuwa kwake. Mwaka 2008 mama yake alifariki, akaenda Mombasa kuzika. Aliporudi, afisa wa uwanja wa ndege alikuwa na ile karatasi ya 2006 kwenye kompyuta yake, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipotakiwa ajieleze.