Kenya: Kwa nini mshahara wa tabaka la kati unapungua ilhali kiwango cha kodi hakijapanda?

Tangu mwaka 2023, kodi ya mapato imekuwa miongoni mwa masuala yanayozua mvutano mkubwa zaidi kati ya serikali ya Kenya na wananchi wake wenye ajira rasmi. Walimu, wauguzi, wahasibu na maofisa wa ngazi ya kati wanalalamika kwamba fedha wanazopokea mwisho wa mwezi zinapungua. Hata hivyo, asilimia ya kodi inayotozwa kwenye mishahara mingi ya kundi hilo haijabadilika tangu mwanzoni mwa 2021. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea.

Viwango vya kodi vikoje?

Kodi ya mapato ya ajira, inayofahamika kwa kifupi kama PAYE, hukatwa na mwajiri kila mwezi na kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Shilingi 24,000 za kwanza za mapato yanayotozwa kodi hukatwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hukatwa asilimia 25, na kinachozidi shilingi 32,333 hukatwa asilimia 30. Kila mfanyakazi mkaazi hupata nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ngazi mbili za juu kuanzia Julai mwaka huo: asilimia 32.5 kwa mapato yanayozidi shilingi 500,000 kwa mwezi, na asilimia 35 kwa yanayozidi shilingi 800,000. Nyongeza hiyo iliwagusa watu wachache wenye vipato vikubwa. Mtu mwenye mapato ya shilingi 600,000 yanayotozwa kodi aliongezewa shilingi 2,500 tu, kwa kuwa kiwango kipya hutumika kwa ile sehemu inayozidi 500,000 peke yake.

Makato mengine yametoka wapi?

Mzigo wa tabaka la kati umetokana zaidi na makato matatu ambayo kisheria si kodi ya mapato, lakini hutoka kwenye mshahara uleule.

La kwanza ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Kwa miaka mingi mfanyakazi alichangia shilingi 200 kwa mwezi. Sheria ya 2013, iliyocheleweshwa na kesi mahakamani, ilianza kutekelezwa Februari 2023, na mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara kwa viwango vinavyopanda kila mwaka. Kuanzia Februari 2025, kiwango cha juu kilifikia shilingi 4,320.

La pili ni tozo ya nyumba za gharama nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wote, ambayo mwajiri huchangia kiasi kama hicho. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, lakini ikarejeshwa kwa sheria mpya Machi 2024.

La tatu ni bima ya afya. Oktoba 2024, mfuko wa zamani wa NHIF, ambao mchango wake wa juu kwa mwajiriwa ulikuwa shilingi 1,700, ulibadilishwa na mfuko wa SHIF unaotoza asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo cha juu.

Mfano wa mshahara wa shilingi 100,000

Januari 2023, mfanyakazi mwenye mshahara huo alibaki na takriban shilingi 76,000 baada ya makato ya lazima. Kwa viwango vya Februari 2025, anabaki na takriban shilingi 71,600. Kodi ya PAYE yenyewe imeshuka kwa zaidi ya shilingi 2,000, kwa sababu tangu mwishoni mwa Desemba 2024 tozo ya nyumba na mchango wa afya huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Lakini makato hayo mengine matatu yamepanda kutoka shilingi 1,900 hadi 8,570.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni akiba ya uzeeni iliyo mali ya mfanyakazi. Hata hivyo, akiba hiyo hailipi kodi ya pango wala karo ya mwezi huu. Aidha, sheria ya ajira ya Kenya inataka jumla ya makato isizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mfanyakazi aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo, kila tozo mpya hupunguza uwezo wake wa kukopa tena kwa ajili ya ujenzi au masomo ya watoto.

Pande mbili zinasema nini?

Serikali inasema inahitaji mapato ya kulipa madeni na kugharimia makazi na afya kwa wote. Wakosoaji wanajibu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi, hivyo mzigo unarudi kwa wachache ambao ni rahisi kuwakata. Wanahoji pia matumizi ya serikali na ufisadi.

Hasira hizo zilijitokeza wazi Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Waandamanaji waliingia bungeni Juni 25, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya Juni na Julai.

Mfumuko wa bei una nafasi gani?

Mipaka ya ngazi za chini haijasogezwa tangu 2021, huku bei za bidhaa zikipanda. Kwa viwango vya Februari 2025, aliyeongezewa mshahara kutoka shilingi 100,000 hadi 105,000 ili kufidia ughali wa maisha alibaki na takriban shilingi 3,350 za nyongeza hiyo. Nchini Tanzania, kiwango cha asilimia 30 huanza kwa mapato yanayozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Nchini Kenya huanza kwenye kipato ambacho, kwa thamani ya fedha ya 2025, hakifiki shilingi 700,000 za Tanzania.

Kwa hiyo, anayefuatilia mjadala huu hana budi kutazama mambo matatu kwa pamoja: asilimia ya kodi, mipaka ya ngazi zake, na makato yenye majina mengine. Bunge linaweza kuacha la kwanza kama lilivyo, na bado mshahara unaofika nyumbani ukapungua.