Ai Qing: Mshairi aliyenyamazishwa na wenzake

Wasomaji wengi wamewahi kusikia habari za Ai Weiwei, msanii wa Uchina aliyezuiliwa na serikali ya nchi yake kwa siku 81 mnamo 2011. Babake, Ai Qing, hatajwi sana huku kwetu, ilhali ndiye aliyetangulia kuonja ghadhabu ya watawala, tena mara mbili.

Ai Qing alizaliwa 1910 katika familia ya mwenye ardhi mkoani Zhejiang. Mpiga ramli alidai eti mtoto huyo angewaletea wazazi wake balaa. Basi akapelekwa kwa mwanamke maskini wa kijijini aliyemnyonyesha na kumlea. Mlezi huyo hakuwa hata na jina lake mwenyewe. Aliitwa Dayanhe, kwa jina la kijiji alikotoka.

Mnamo 1929 kijana huyu alikwenda Paris kusomea uchoraji. Aliporejea 1932 alijiunga na wasanii wa mrengo wa kushoto mjini Shanghai, na mwaka haukuisha kabla hajatiwa mbaroni. Gerezani hakuwa na nafasi ya kuchora, akaandika. Mnamo Januari 1933 alitunga shairi refu kumhusu Dayanhe, na ndilo lililomjengea jina. Mchoraji aliingia jela, akatoka mshairi.

Hata jina alilipatia humo. Ukoo wake ni Jiang, ambao kwa maandishi ya Kichina ni sawa na wa Chiang Kai-shek, kiongozi wa serikali iliyomfunga. Inasimuliwa kwamba alianza kuliandika, akafika kwenye alama ya nyasi iliyo juu ya herufi hiyo, hasira zikampanda, akapiga mkasi palipobaki. Kumbe nyasi na mkasi vikiwa pamoja husomeka 'Ai'. Sisi wapenzi wa lugha tumezoea lakabu za kujisifu. Hii ilikuwa ya kukana.

Mnamo 1941 alikwenda Yan'an, ngome ya Wakomunisti, na walipotwaa mamlaka 1949 alikuwa miongoni mwa washairi wao wakuu. Hapo ndipo mambo yanapouma. Katika msako wa 1957 dhidi ya walioitwa 'wa mrengo wa kulia', mwandishi mwenzake Ding Ling alishambuliwa, naye akamtetea. Neno hilo moja, 'wa kulia', likamganda. Akafukuzwa chamani, akapelekwa Heilongjiang, kisha Xinjiang, mbali kabisa magharibi mwa nchi.

Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni hali ilizidi kuwa mbaya. Familia iliishi katika shimo lililochimbwa ardhini kando ya jangwa. Mshairi, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alipewa kazi ya kusafisha vyoo vya kambi. Vitabu vyake alivichoma mwenyewe, mwanawe mdogo Weiwei akimsaidia, kwa kuhofia wangekuja kupekua.

Katika jela ya adui alitunga shairi lililomfanya maarufu. Chini ya wenzake alikaa takriban miaka 20 bila kuchapishwa. Sijui kama upo ushahidi mchungu kuliko huo.

Mashairi yake yalianza kuchapishwa tena 1978, na mwaka uliofuata chama kikamsafisha rasmi. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limepofuka.