Waka, pata moto, ungua: vitenzi vya swichi iliyozidi joto

Vitenzi hivi hukaribiana kimaana. Hata hivyo, katika mwongozo wa swichi ya otomatiki inayohamisha mzigo wa kiwanda kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta, kuvichanganya kunaweza kumdhuru fundi.

Waka: (1) kwa kifaa, kuwa kazini, (2) kutoa ndimi za moto. Sentensi "Swichi inawaka" ina utata, iepukwe.

Pata moto: kuongezeka joto bila kuteketea. *Ncha zinazogusana ndani ya swichi zinapata moto.* Joto linalozalishwa hapo hutegemea ukinzani na mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Ncha za fezi moja zikipata moto kuliko nyingine ilhali mizigo ni sawa, hushukiwa bolti iliyolegea, uchafu au springi iliyochoka. Fezi zote 3 zikipata moto pamoja, hushukiwa kwanza mzigo uliozidi.

Ungua: kuharibiwa na joto. *Ncha zimeungua* humwelekeza fundi kubadilisha, wala si kukaza tu.

Tanbihi kwa wafasiri: Agizo "Zima swichi" halitoshi, kwani swichi hii hulishwa na vyanzo 2, na jenereta huweza kujiwasha gridi inapokatika. Afadhali kuandika: "Tenga umeme wa gridi, zuia jenereta isijiwashe, kisha pima kuhakikisha hakuna umeme kabla ya kugusa."