Mshuko wa Volti: Moto Unaopotelea Njiani

Pikipiki ya injekta inagoma asubuhi. Stata inazunguka kivivu, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na mwenye chombo anaambiwa anunue betri. Ananunua. Baada ya muda ugonjwa unarudi, na safari hii inalaumiwa pampu ya mafuta. Baada ya pampu, kompyuta ya pikipiki, spea ambayo bei yake inaweza kumla bodaboda hesabu ya siku nyingi. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimekufa. Moto ulitoka kwenye betri ukiwa kamili, ukafika kwenye pampu ukiwa umedhoofika. Waingereza huita hali hiyo voltage drop. Kwa Kiswahili jina lake halijatulia: utasikia kuanguka kwa volti, upungufu wa volti, upotevu wa umeme. Mimi nasimama na mshuko wa volti.

Volti ni msukumo. Kila kitu ambacho mkondo unapitia humeza sehemu ya msukumo huo: pampu, koili, taa, hata waya wenyewe. Waya mzima humeza kidogo mno. Maungio yaliyoota kutu hayana huruma. Kanuni ni ile aliyoitoa Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazomezwa ni mkondo mara ukinzani. Tuseme pampu inavuta ampea 3, na soketi yake imeingia uchafu hadi ina ukinzani wa omu 0.5. Volti 1.5 zimeshaliwa kabla pampu haijapata kitu. Kwenye stata mambo ni mabaya zaidi kwa sababu mkondo ni mkubwa: ampea 60 zikipita kwenye boliti yenye ukinzani wa omu 0.03 tu, volti 1.8 zimekwenda.

Sasa tazama majina yale mengine yanavyompeleka fundi kusiko. Upungufu unaelekeza macho kwenye chanzo. Ukisema volti zimepungua, mtu anakimbilia betri, na betri haina kosa. Upotevu wa umeme ni neno ambalo mashirika ya umeme yanalo tayari kwa hasara ya nishati kwenye gridi, tena linadanganya, kwa sababu mkondo haupotei hata chembe. Ampea zinazotoka kwenye chanya ndizo zinazorudi kwenye hasi. Kuanguka kunaleta picha ya ajali ya ghafla, wakati kutu ya kwenye teminali hujijenga polepole, masika baada ya masika. Mshuko, kama wa mlima, una pa kuanzia na pa kuishia. Hauwezi kuwa mahali pamoja. Ni lazima uwe kati ya hapa na pale, na ndivyo unavyopimwa. Watu wa Pwani wanalijua neno hili pia kwa wakati wa kutoka msikitini baada ya swala, lakini sioni nani atachanganya mshuko wa alasiri na mshuko wa volti. Mafundi wenyewe husema "moto haufiki", kauli nzuri iliyobakiza swali moja tu: unaishia wapi?

Pikipiki ya kabureta ilivumilia mengi. Nyingi zilipata moto wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti, kwa hiyo hata betri ikifa ulipiga kiki ukaondoka. Injekta haina uvumilivu huo. Ukifungua swichi, pampu inanguruma kwa sekunde kama mbili kujaza presha, kwenye Honda nyingi ndogo kilopaskali 294 hivi, kisha inanyamaza kusubiri injini izunguke. Pampu ikinyimwa volti, presha haifiki. Injekta yenyewe ni vali ya sumaku inayofunguka kwa milisekunde chache, na volti zikiwa ndogo inachelewa kufunguka. Kompyuta inalijua hilo. Inaongeza muda wa kuifungua kulingana na volti inazoziona kwenye teminali zake. Kama mshuko uko kwenye waya wa injekta peke yake, kompyuta inaona volti nzuri na inapiga hesabu ya injekta isiyo na njaa.

Sensa ndizo zinazoumia kwa kidogo zaidi. Hufanya kazi kwa volti 5, na sensa ya akseleta ikiwa imefungwa hutoa volti kama 0.5. Mshuko wa 0.3 kwenye waya wake wa hasi, kiasi ambacho taa ya mbele isingekihisi, unatosha kuiaminisha kompyuta kwamba dereva amevuta mafuta kidogo. Sailensa inapumua vibaya, taa ya injini inawaka, na mashine inatoa kodi, yaani msimbo wa hitilafu. Kwenye Honda kodi husomwa kwa mimweko: mrefu ni 10, mfupi ni 1, kwa hiyo mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12, injekta. Lakini kodi hailaani spea. Inasema kwamba njia ya umeme ya spea hiyo haieleweki, na njia hiyo ina waya, soketi na teminali kabla hujaifikia injekta.

Hapa ndipo fundi anapodanganywa na kipimo chake. Akichomoa soketi na kupima waya kwa omu, multimita inapitisha mkondo mdogo sana, na hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima. Taa ndogo ya kupimia nayo itawaka. Ni kama bomba lililobanwa: koki ikifungwa presha imejaa, ukifungua maji yanadondoka. Kwa hiyo mshuko hupimwa kazi ikiendelea. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye boliti yake, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Ukisoma chini ya 0.3, upande huo ni salama. Ukisoma 1 au zaidi, umeme unaliwa katikati ya ncha zako mbili. Sogeza ncha moja hatua kwa hatua kuelekea nyingine. Pale namba inaporuka ndipo pa kufungua.

Ukifungua tepe unakuta unga wa kijani juu ya shaba, au waya wa alamu na wa redio uliosokotwa kwa mkono kwenye waya wa swichi. Pwani chumvi inachochea kutu, na kwingine mashine ya presha ya kuoshea inasukuma maji ndani ya soketi. Kata hadi shaba ing'ae, unga kwa risasi au teminali ya kubana, vika mrija wa kusinyaa kwa joto. Chini ya boliti ya hasi kwangua rangi mpaka chuma kionekane.

Pikipiki nyingi za Boxer mitaani kwetu bado ni za kabureta, lakini India, zinakotoka, ilianza viwango vya moshi vya BS6 Aprili 2020, na viwanda vyake vikahamishia pikipiki nyingi za soko la nyumbani kwenye injekta. Za injekta zinakuja kwetu pia, na mafundi wataandikiana kuhusu magonjwa yake. Natamani karatasi ya kazi isome hivi: mshuko wa volti 1.8, kati ya hasi ya betri na injini, stata ikizunguka. Baada ya kukwangua boliti, 0.1.